Saa Sawa, Maji Si Sawa: Kuhakiki Kanuni za Baiskeli za Masafa Marefu

Andiko ninalolihakiki safari hii halina jina la mwandishi, wala jalada halina. Ni kanuni za safari za baiskeli za masafa marefu zinazosimamiwa na Audax Club Parisien, klabu ya Ufaransa, na zinazofuatwa na waendeshaji wa ridhaa katika nchi nyingi kwa jina fupi la BRM. Ni kurasa chache tu, unazimaliza kabla chai haijapoa. Hata hivyo nimezirudia mara nyingi kuliko riwaya kadhaa nilizozisifia hapa, kwa sababu zinajibu swali ambalo wasimulizi wengi hulikwepa: safari ihesabiwe lini kwamba imefanyika?

Kwa asiyezijua, mambo yenyewe ni haya. Unachagua umbali: kilomita 200, 300, 400, 600 au 1,000. Kila umbali una ukomo wake wa muda. Kilomita 200 ni saa 13 na nusu, 300 ni saa 20, 400 ni saa 27, 600 ni saa 40, na 1,000 ni saa 75. Unapewa kadi. Njiani kuna vituo vya ukaguzi, na kila kituo kina saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa. Ukifika, kadi inagongwa muhuri na kuandikwa saa. Kadi ikipotea, au ukikosa muhuri wa kituo kimoja, safari yako haithibitishwi, hata kama kijiji kizima kilikuona ukipita. Kulala, kula na kuziba pancha vyote viko ndani ya saa hizohizo. Saa haisimami kukungoja.

Mpaka hapo unaweza kudhani ni mashindano kama mengine. Siyo. Hakuna mshindi. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Aliyetumia saa tisa na aliyefika dakika moja kabla ya kufungwa wanapata uthibitisho uleule. Tena kuna jambo ninalolipenda zaidi: vituo haviwahi kufunguliwa mapema mno. Anayekimbia kupita kiasi atakuta mlango umefungwa, na itabidi akae asubiri. Kanuni ina dari na ina sakafu. Inamwambia mzembe “jikaze” na inamwambia mwenye sifa “tulia”, kwa pumzi moja.

Mfumo huu una asili yake. Mwaka 1897 waendeshaji 12 wa Italia waliondoka Roma kwenda Napoli, kilomita zipatazo 230, kwa nia ya kufika kati ya jua kuchomoza na jua kuzama. Kutoka hapo likaja neno *audax*, la Kilatini, lenye maana ya mtu jasiri. Wafaransa wakalichukua, na mwaka 1904 klabu ya Paris ikazaliwa. Mwanzoni watu waliendesha kwa kundi nyuma ya nahodha, mwendo mmoja kwa wote. Mwaka 1921 klabu ikaanzisha safari za mwendo huru: kila mtu na miguu yake, mradi afike ndani ya muda. Safari yao kubwa kuliko zote ni Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200 na ushee. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano hasa, na Charles Terront akashinda kwa saa 71 na dakika 22. Siku hizi ni safari ya watu wa kawaida, na ukomo mrefu kuliko wote ni saa 90.

Sasa hebu tulisome andiko lenyewe kama tunavyosoma andiko lolote. Sentensi yake bora, kwa maoni yangu, imo katika nakala inayotumika Marekani. Inahusu mtu aliyechelewa kituo. Mwandaaji anaruhusiwa kumsamehe ikiwa kilichomchelewesha hakikutarajiwa na kilikuwa nje ya uwezo wake, na mfano unaotolewa ni kusimama kumsaidia mtu aliyepata ajali, au barabara kufungwa. Halafu inataja visivyosamehewa: baiskeli isiyotunzwa, uchovu, mazoezi haba, njaa.

Umeona kilichofanyika hapo? Kwa mistari miwili tu, kanuni imetenga matatizo ya mtu yaliyo yake na yale yaliyo ya wote. Njaa yako ni yako, ungebeba andazi. Lakini aliyelala barabarani ni wetu sote, na saa uliyokaa naye haitahesabiwa dhidi yako. Hii ni kanuni iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuwa barabarani. Kuna maandiko mengi ya maadili yanayotumia kurasa 300 na hayafiki hapo.

Sifa ya pili ni lugha ya ushahidi. Kanuni haiombi uaminiwe, inaomba muhuri. Kituo kikiwa hakina msimamizi, mwendeshaji huleta kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni risiti ya duka au ya kituo cha mafuta. Nikisoma kipengele hicho huwa nacheka peke yangu, maana huku kwetu risiti ya mashine ya EFD inajulikana kwa jambo moja tu, kodi. Muuzaji anaikata kwa kusuasua, mnunuzi anaikunja bila kuitazama. Kumbe karatasi ile yenye jina la biashara, tarehe na saa ni ushahidi kamili kwamba wewe, siku fulani, saa fulani, ulikuwa Njia Panda ya Himo ukinunua maji. Ni shajara fupi, na hukuhitaji hata kuiandika.

Kuna jambo la tatu, nalo halimo katika kanuni. Limo katika Kiswahili. Mzungu akianza safari saa kumi na mbili asubuhi, saa yake inasomeka sita. Baada ya mwendo wa saa nne inasomeka kumi, na inambidi apige hesabu ya kutoa ili ajue ametumia muda gani. Sisi tukianza saa kumi na mbili, saa inakuhesabia yenyewe. Ikifika saa nne, umetumia saa nne. Ikifika saa nane, ni saa nane. Ukijua kwamba mwendo wa chini unaokubalika ni kilomita 15 kwa saa, unapiga hesabu ya kuzidisha ukiwa juu ya baiskeli: saa nne uwe umepita kilomita 60, saa nane uwe umepita 120. Na safari ya 200 inafungwa saa moja na nusu usiku. Utadhani kanuni hii ilitungwa na mtu wa hapa.

Lakini haikutungwa na mtu wa hapa, na uhakiki ndipo unapoanza.

Angalia tena hiyo saa moja na nusu usiku. Wale Waitalia wa 1897 walisafiri mwezi Juni, wakati mchana wa kwao unafika kama saa 15. Mchana wetu, karibu na Ikweta, ni saa 12 na dakika kidogo, Januari hadi Desemba. Kwa hiyo saa 13 na nusu ambazo kiangazi cha Ulaya hutoshea ndani ya mwanga, huku Moshi lazima zivuke gizani. Kanuni inadai taa na mavazi ya kung'aa usiku, sawa. Ila mwendeshaji wa polepole, yule anayehitaji muda wote aliopewa, ndiye atakayemalizia barabara kuu ya Himo gizani pamoja na malori na mabasi. Mwenye kasi atakuwa ameshaoga. Muda ni uleule kwa wote wawili, hatari siyo.

Naishi Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare ya mpunga. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, imewafundisha watu wa huku somo ambalo waandishi wa BRM hawakulipata Paris. Maji hugawanywa kwa zamu, na zamu hupimwa kwa saa. Ukitazama daftari la zamu utaona usawa mtupu: huyu saa kadhaa, yule saa zilezile. Lakini mwenye jaruba kichwani mwa mfereji na mwenye jaruba mkiani hawapati maji sawa. Maji yanapungua njiani, yanavuja, yanachepushwa. Yule wa mkiani anapata saa zake zote kamili na shamba linabaki na nyufa. Hakuna aliyemdhulumu kwenye daftari. Saa sawa, maji si sawa.

BRM ina mfereji wa namna hiyohiyo, nao ni mlima. Kilomita 15 kwa saa ni kilomita 15 kwa saa, uwe unapita tambarare ya Mabogini au unapanda Marangu. Kanuni haiulizi mwinuko. Wapo watakaosema, aa, ukipanda utashuka, vitafidiana. Tupige hesabu. Kwa mwendo wa 15, kila kilomita imepewa dakika nne. Ukipanda kwa kilomita nane kwa saa, na huo ni mwendo wa kiume kwenye mwinuko mkali, kila kilomita inakula dakika saba na nusu. Umepoteza tatu na nusu. Ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa, kila kilomita inakula dakika moja na nusu. Umerudisha mbili na nusu. Kwa kila kilomita uliyopanda na kushuka umebaki na deni la dakika moja. Mteremko haulipi deni lote la mlima.

Na hapo nimezungumzia baiskeli yenye gia. Chukua Phoenix, ile nyeusi yenye keria pana, gia moja, breki za vyuma, inayopandishwa mjini kila alfajiri na mikungu ya ndizi au madumu. Kanuni haiizuii. Kwa hili inastahili pongezi, kwa maana inakubali chombo chochote kinachoendeshwa kwa nguvu za mwili wa mtu. Lakini mwenye Phoenix hapandi mwinuko wa Marangu akiwa juu ya kiti. Anashuka anasukuma, kilomita tano kwa saa. Kila kilomita dakika 12. Mwinuko wa kilomita kumi unamnyang'anya dakika 80, na akirudi chini, kwa breki zile hathubutu kupita kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo anarudishiwa dakika 16 tu. Saa nzima na zaidi imekwenda, kwa mlima mmoja.

Ningeweza kumalizia hapa kwa kusema kanuni ni mbovu, ibadilishwe, mwinuko uongezwe kwenye hesabu. Wengi wanasema hivyo. Mimi sikubali, na sababu yangu imetoka kwenye ushairi.

Wasomaji wa ukurasa huu wanaujua ugomvi wa mizani. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, na tangu hapo mtu aliweza kuketi na shairi, akahesabu mizani na vina, akasema hili limetimia au halikutimia. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, mashairi yasiyohesabika kwa kipimo kile, na watu wakagombana mpaka wakachoka: je, haya nayo ni mashairi? Wapinzani wa mizani walisema sheria inabana. Watetezi walisema bila sheria kila mtu atajiita malenga.

Kuna jambo moja ambalo watetezi walikuwa nalo sahihi, nalo ni kwamba mizani inahesabika na mtu yeyote. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuhesabu silabi kwa vidole na kumbishia sheikh. Sheria rahisi ni ulinzi wa mnyonge. Ukisema shairi lipimwe kwa “uzito wa fikra”, umempa mamlaka profesa. Ndivyo ilivyo na saa ya BRM. Kilomita 15 kwa saa, mwenye Phoenix anaihesabu kichwani. Ukiweka mwinuko, utahitaji vifaa, ramani za satelaiti na mtaalamu wa kuzisoma, na mwendeshaji atafika kituoni akiambiwa amechelewa au amewahi bila yeye mwenyewe kuweza kulithibitisha. Tutakuwa tumeondoa dhuluma moja na kuleta nyingine isiyoonekana.

Kwa hiyo saa iachwe. Lakini mizani pia haikuwahi kutunga shairi bovu. Shairi bovu lilitungwa na mtu aliyechagua maneno. Na katika safari hizi yupo mtu anayechagua, ila hatumwoni, na wala hahakikiwi: anayechora njia. Yeye ndiye mtunzi. Kanuni imempa umbali na saa, kama mizani na vina. Kilomita hizo zipite wapi, ni juu yake.

Tujaribu kwa mfano. Tuseme mtu anataka kuanzisha safari ya kilomita 200 hapa kwetu. Njia ya kwanza: Moshi, Himo, kisha kusini hadi Same, na kurudi. Ni lami, ni joto, upepo upo, lakini haina milima ya kukutoa machozi. Ukipumzika jumla ya saa mbili, unabaki na saa 11 na nusu za kukanyaga pedeli, na unahitaji wastani wa kilomita 17 na nusu hivi kwa saa. Kijana wa Mabogini anayebeba ndizi, akiiacha mizigo nyumbani, anaweza. Njia ya pili: Moshi, Himo, Marangu, halafu Rombo kupitia Mkuu hadi Tarakea, na kurudi. Kwa makadirio umbali unakaribiana na ule wa kwanza. Mandhari ni mara kumi: migomba, kahawa, mabonde, Mawenzi juu ya bega. Picha zitapendeza kweli. Lakini njia hiyo inakaa mgongoni mwa mlima, inapanda na kushuka kila korongo, na kwa hesabu tuliyoipiga mwenye Phoenix ameshatoka kabla hajaanza. Atahitaji baiskeli ya gia, ya bei ambayo kipato chake cha ndizi hakiifikii.

Kanuni ni ileile kwenye njia zote mbili, saa ni zilezile na kadi ni ileile. Lakini ya kwanza imefungua mlango na ya pili imeufunga, na hakuna mtu atakayelaumiwa, maana kwenye karatasi kila kitu ni sawa. Mchora njia atasema “saa ndiyo imewatoa”. Hapana bwana. Wewe ndiye uliyewatoa, saa ilihesabu tu.

Sisemi njia ngumu zisiwepo. Nasema mchora njia awajibike kama mtunzi anavyowajibika, asijifiche nyuma ya kipimo.

Tulinganishe na mifano miwili ambayo Afrika Mashariki inaijua. Safari ya Tour d'Afrique, iliyoanza mwaka 2003, inatoka Cairo hadi Cape Town na hupita Tanzania. Humo kuna heshima ya EFI, maana yake umeendesha kila inchi ya njia. Ukiumwa tumbo siku moja ukapanda lori la mizigo, heshima hiyo imekwenda, hata ukiendesha miezi mingine yote minne. Hapo hakuna msamaha wa kusaidia majeruhi wala wa chochote. Ni uthibitisho wa ukamilifu, nao una ukatili wa kila kitu kinachodai ukamilifu: unamshawishi mgonjwa aendelee kukanyaga pedeli. BRM, pamoja na ukali wake, ina utu zaidi.

Mfano wa pili uko juu ya vichwa vyetu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hutoa cheti kwa anayepanda. Aliyefika Uhuru, mita 5,895, ana chake. Aliyeishia Stella au Gilman's, naye ana chake. Mlima unakiri kwamba kuna kufika na kufika. BRM haina daraja la namna hiyo: aliyeendesha kilomita 190 na aliyegeuka kituo cha kwanza wako sawa mbele ya kadi. Unaweza kuuona mlima ni mkarimu kuliko Wafaransa. Lakini usisahau kwamba ada za hifadhi hulipwa kwa siku. Ukomo wa muda upo na huko, ila umeandikwa kwenye ankara na siyo kwenye kadi. Mwenye fedha ananunua siku za ziada za kuzoea hewa, asiye nazo anaharakisha na kichwa kinamuuma. Kati ya saa inayotangazwa mbele ya wote na saa inayouzwa kimyakimya, mimi nachagua ile ya kutangazwa.

Hukumu yangu basi. Kama andiko, kanuni za BRM ni kazi nzuri: fupi, wazi, zenye utu mahali panapohitaji utu, na zinazomheshimu asiye na mbio. Kasoro yake ni kwamba zinazungumza na mwendeshaji peke yake. Kila kifungu kinamwambia afanye nini, asifanye nini, atapoteza nini. Mchora njia anatajwa kama mratibu tu, mtu wa kugawa kadi. Ningeongeza kifungu kimoja: kwamba kwenye kadi, juu ya vituo na saa zake, liandikwe jina la aliyechora njia, na chini yake mstari mmoja unaosema ameichora kwa baiskeli ya namna gani akilini.

Ni mstari mdogo, lakini ungembana. Mtu anayelazimika kuandika “njia hii ni ya baiskeli yenye gia” atakuwa amekiri nani hakualikwa, na mwenye Phoenix atajua tangu asubuhi kwamba kilichomshinda hakikuwa miguu yake. Wazee wa skimu ya huku walilijua hilo siku nyingi. Mtu wa mkiani akilalamika, hawaendi kukagua saa. Wanatembea juu kufuata mfereji.